Bomba Likishafukiwa

Bomba lililofukiwa hubeba udongo ulio juu yake, na udongo ulio chini na ubavuni hulibeba bomba. Mhandisi anayepima chuma peke yake, yaani unene wa ukuta, ubora wa chuma na msukumo wa mafuta au gesi iliyo ndani, amefanya nusu ya hesabu. Nusu ya pili iko nje ya ukuta, na ndiyo inayosumbua. Chuma hutoka kiwandani kikiwa na cheti kinachosema kitavumilia kiasi gani kabla ya kuvutika au kukatika. Udongo hauna cheti. Hubadilika kila baada ya hatua chache, hulowa na kukauka, huganda na kuyeyuka, na ule uliorudishwa mtaroni baada ya bomba kulazwa haufanani tena na ule uliochimbwa. Ndiyo maana kuna tawi zima la uhandisi linaloshughulika na kuunda modeli za namna bomba na udongo vinavyosukumana.

Rexdale, kaskazini-magharibi mwa Toronto nchini Kanada, ni mahali pazuri pa kulifuatilia jambo hili, kwa sababu karibu kila tatizo linalotajwa vitabuni lipo pale au jirani yake. Mtaa huo umepewa jina la Rex Heslop, mjenzi aliyeanza kuyageuza mashamba ya Etobicoke kuwa nyumba na viwanda katika miaka ya 1950. Leo unakaliwa na wahamiaji wengi kutoka Asia Kusini, Karibi na Afrika, wakiwamo Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki. Chini ya barabara zake kuna mabomba ya maji safi, maji taka, maji ya mvua na gesi. Kaskazini mwa jiji, katika ukanda wa nyaya kubwa za umeme unaofuatana na Barabara ya Finch, kumelazwa pia Line 9 ya kampuni ya Enbridge, bomba la mafuta ghafi lenye kipenyo cha milimita 762 linalotoka Sarnia hadi Montreal. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1970 ili kupeleka mafuta mashariki, likageuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kuyaleta magharibi, na mwaka 2014 Bodi ya Taifa ya Nishati ya Kanada ikaruhusu ligeuzwe tena. Mafuta yalianza kwenda mashariki mwishoni mwa 2015. Likikatiza Toronto, bomba hilo huvuka mito ya Humber, Don na Rouge.

Ardhi ya Rexdale imetengenezwa mara mbili. Mara ya kwanza ilitengenezwa na barafu. Matandiko ya barafu yaliyofunika eneo hilo yalipoondoka, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, yaliacha mchanganyiko wa mfinyanzi, tope laini, mchanga, kokoto na hata mawe makubwa, vyote vimeshindiliwa pamoja kwa uzito wa barafu yenyewe. Chini yake kuna mwamba wa tope la kale lililoganda, unaoonekana wazi kwenye kingo za Mto Humber. Mara ya pili ardhi hiyo ilitengenezwa na matingatinga: mabonde madogo yakajazwa, vilima vikasawazishwa, mitaro ikachimbwa na kufukiwa tena na tena. Kwa hiyo ramani ya jiolojia humweleza mhandisi habari za ardhi ilivyokuwa kabla ya bomba. Kile kinacholigusa bomba lenyewe ni udongo wa mtaroni, na huo haumo kwenye ramani yoyote.

Hesabu za jambo hili zilianza kwenye mashamba ya Iowa, Marekani, ambako mabomba ya udongo na zege ya kutolea maji mashambani yalikuwa yakipasuka bila sababu iliyoeleweka. Mwaka 1913 Anson Marston, wa chuo cha jimbo hilo, alitoa nadharia ambayo bado inafundishwa. Udongo uliorudishwa mtaroni hushuka kidogo unapojikaza. Ukishuka, husuguana na kuta za mtaro, na msuguano huo hubeba sehemu ya uzito wake. Bomba lililo chini halipati mzigo wote. Hapo ndipo penye fundisho ambalo mafundi wengi hulipuuza hadi leo: katika mtaro mwembamba, mzigo wa bomba gumu hutegemea upana wa mtaro kuliko upana wa bomba. Fundi akichimba mtaro mpana kuliko mchoro unavyosema, ili apate nafasi ya kufanya kazi kwa raha, ameongeza mzigo bila kuongeza kitu kingine chochote.

Bomba la chuma chembamba au la plastiki lina tabia nyingine. Halipasuki haraka, hulemaa. Uzito wa juu hulibonyeza likawa na umbo la yai, na mbavu zake zikitoka nje zinakutana na udongo wa pembeni unaozirudisha. Merlin Spangler, aliyefanya kazi na Marston, aliandika mlinganyo wa jambo hilo mwaka 1941. Ndani ya mlinganyo wake ugumu wa bomba na ugumu wa udongo vimejumlishwa katika mstari mmoja, na mtu akiweka namba halisi huona upesi kwamba sehemu ya bomba ni ndogo mno ikilinganishwa na ya udongo. Bomba la milimita 762 lenye ukuta wa milimita 6.35 lina kipenyo kinachozidi unene wake mara 120. Likiwa tupu na limelazwa juu ya ardhi, ni kama mkebe. Likifukiwa vizuri hubeba malori.

Maneno “likifukiwa vizuri” yana uzito wake. Sehemu ngumu zaidi kushindilia ni ile pembe iliyo chini ya ubavu wa bomba, pale ambapo mzingo wake unaingia ndani kuelekea kitako cha mtaro. Mashine ya kushindilia haifiki hapo. Kibarua hulazimika kuinama na kuusukuma udongo kwa mti au kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, bila kuliinua bomba. Akiacha pengo, bomba litakaa juu ya ukanda mwembamba wa udongo badala ya kulala kwenye kitanda kipana, na mkazo utajikusanya hapo. Hakuna kompyuta inayoweza kujua kama kazi hiyo ilifanywa asubuhi na mtu mwenye nguvu au jioni na mtu aliyechoka. Modeli nyingi huchukulia kwamba ilifanywa.

Mzigo wa juu wenyewe una sehemu mbili. Udongo wenye unyevu hukaribia tani mbili kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bomba lenye mita 1.2 za udongo juu yake hupokea takriban tani 2.4 kwa kila mita ya mraba. Juu ya huo huja mzigo wa magari. Joseph Boussinesq, Mfaransa, alionyesha mwaka 1885 jinsi uzito uliowekwa juu ya ardhi unavyosambaa kadiri unavyoshuka. Kwa hesabu yake, gurudumu lenye tani tano huongeza karibu tani 1.7 kwa mita ya mraba moja kwa moja chini yake, kwenye kina cha mita 1.2. Kina kikiwa nusu ya hicho, nyongeza inafika tani 6.6. Rexdale ni mtaa wa maghala na malori, na barabara zake hukarabatiwa mara kwa mara. Kila sentimita inayokwanguliwa juu hubadilisha hesabu iliyofanywa miaka 40 au 50 nyuma.

Hadi hapo bomba limetazamwa kwa kukatwa katikati, kama duara. Lakini bomba la mafuta ni refu, na matatizo yake makubwa hutokea kwa urefu: sehemu moja ya ardhi inaposogea na nyingine isisogee. Kwa kazi hiyo wahandisi hutumia wazo la Emil Winkler la mwaka 1867, ambalo lilihudumia kwanza njia za reli. Ardhi huondolewa kwenye hesabu, na mahali pake huwekwa safu ya springi zisizogusana. Bomba huwa boriti iliyolala juu ya springi hizo. Ni udanganyifu mkubwa, kwa sababu punje za udongo hushikana na springi hazishikani. Hata hivyo ni udanganyifu unaofanya kazi, na mwongozo uliotolewa na Chama cha Wahandisi Ujenzi cha Marekani mwaka 1984 kuhusu mabomba na matetemeko uliufanya uwe desturi ya dunia nzima.

Kila kipande cha bomba hupewa springi za pande nne. Ya kwanza hufuata urefu wa bomba na huwakilisha msuguano. Ya pili huzuia bomba lisiende ubavuni. Ya tatu hulizuia lisiinuke, na ya nne lisididimie. Nguvu zao hazilingani hata kidogo. Springi ya kudidimia ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana chini ya bomba kuna ardhi isiyo na mwisho. Ya kuinuka ni dhaifu, kwa kuwa juu kuna mita moja tu ya udongo uliochimbuliwa. Na kila springi ina mahali inapochoka: ikisukumwa kupita kiasi fulani, haiongezi tena nguvu, udongo unateleza tu. Kwa msuguano wa urefu, kiasi hicho ni kidogo kwa namna inayoshangaza. Miongozo hutaja milimita 3 kwa mchanga ulioshindiliwa na karibu milimita 10 kwa mfinyanzi laini. Bomba lenye urefu wa mamia ya kilomita hufikia mshiko wake wa juu kabisa baada ya kusogea upana wa kucha tu.

Springi dhaifu, ile ya kuinuka, inastahili kutazamwa kwa karibu, na hesabu yake mtu anaweza kuifanya kwenye karatasi. Mita moja ya bomba la milimita 762 huchukua nafasi ya kilo 456 za maji. Chuma chake, kikiwa na unene wa milimita 6.35, kina uzito wa takriban kilo 118. Mafuta mepesi yakilijaza huongeza karibu kilo 375, na jumla inakuwa kilo 493. Katika udongo uliojaa maji, bomba lililojaa mafuta linazidi maji kwa kilo 37 tu kwa mita. Likiwa tupu, lina upungufu wa kilo 338, nalo hutaka kuelea. Kinachobaki kulishikilia ni udongo ulio juu, na udongo huo nao ukiwa majini hupoteza karibu nusu ya uzito wake. Ndiyo maana mabomba yanayopita kwenye mabwawa na mabonde ya mito huvishwa zege au kuwekewa mizigo, na ndiyo maana mhandisi wa mabomba huuliza habari za maji ya ardhini kabla ya kuuliza jambo lingine.

Kwa Rexdale, swali kubwa kuliko maji ni maji yaliyoganda. Wajenzi wa Toronto huhesabu kwamba jalidi hushuka hadi mita 1.2, na misingi ya nyumba huwekwa chini ya kina hicho. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa asilimia 9, lakini hilo peke yake halitoshi kueleza jinsi ardhi inavyoinuka. Katika udongo wa punje laini, mstari wa barafu unaposhuka hunyonya maji kutoka chini na kuyagandisha kuwa tabaka nyembamba za barafu tupu, moja juu ya nyingine. Ardhi huinuka kwa unene wa tabaka hizo. Mchanga safi hauna tabia hiyo, kwa sababu nafasi kati ya punje zake ni kubwa mno kunyonya. Udongo wa mfinyanzi na tope laini wa Toronto unayo.

Jaribio lililoonyesha jambo hili waziwazi lilifanywa Ufaransa, mjini Caen, kwa ushirikiano na Wakanada, kuanzia mwaka 1982. Bomba la urefu wa mita 18 na kipenyo cha milimita 273 lilifukiwa ndani ya jengo lililopozwa, nusu yake kwenye mchanga na nusu kwenye udongo wa tope laini, kisha hewa baridi ikapitishwa ndani yake. Upande wa tope laini uliinuka, upande wa mchanga ukabaki ulipo, na bomba likapinda pale udongo ulipobadilika. Lililokuwa likichunguzwa ni mabomba ya gesi ya kaskazini ya mbali, ambako gesi hupozwa ili isiyeyushe ardhi iliyoganda. Lakini mpaka kati ya aina mbili za udongo haupatikani kaskazini peke yake. Kila mtaro wa Rexdale unapotoka kwenye ardhi ya asili na kuingia kwenye bonde lililojazwa una mpaka wa namna hiyo.

Mabomba ya zamani ya maji ya jiji huonja mambo mawili kwa pamoja. Yametengenezwa kwa chuma cha kusubu, kigumu lakini kisichovumilia kupindwa. Wakati wa baridi maji yanayotoka Ziwa Ontario hukaribia nyuzi sifuri. Bomba likipoa kwa nyuzi 20 hutaka kufupika kwa sentimita mbili katika kila mita 100, na udongo unaolishika haulikubalii. Linabaki likivutwa kwa urefu. Wakati huo huo jalidi inayoshuka kutoka barabarani huukandamiza udongo ulio chini yake, na mzigo wa bomba huongezeka bila gari hata moja kupita. Watafiti wa Baraza la Taifa la Utafiti mjini Ottawa waliunda modeli za mzigo huo katika miaka ya 1990. Alama ya kuvunjika kwenyewe huthibitisha maelezo haya: mabomba membamba ya chuma cha kusubu hukatika kwa mduara, kama yaliyovutwa na kupindwa, zaidi ya yanavyopasuka kwa urefu kutokana na msukumo wa maji. Mabomba ya plastiki yaliyokuja baadaye hayana tatizo la kuvunjika namna hiyo, ingawa polithini ya mabomba ya gesi hutanuka na kunywea kuliko chuma mara zaidi ya kumi.

Udongo huushambulia ukuta wa bomba pia bila kuusukuma. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huteremka na maji na kuufanya udongo upitishe umeme kwa urahisi, na kutu hufuata. Mabomba ya mafuta hupakwa au kuviringishwa mkanda wa kuzuia jambo hilo, na hapo msuguano wa udongo unarudi kwa mlango wa nyuma. Udongo unaojikaza au kusogea huuvuta mkanda, mkanda unafanya makunyanzi, na maji huingia chini yake. Mnamo Julai 2010 bomba la Line 6B la Enbridge hiyohiyo, lenye kipenyo cha inchi 30 na mkanda wa polithini, lilipasuka karibu na Marshall, Michigan, na mafuta yakaingia Mto Kalamazoo. Wachunguzi wa Marekani walikuta nyufa zilizoota kutoka kwenye kutu chini ya mkanda uliobanduka. Tukio hilo ndilo lililowafanya wakazi wa Toronto wauulizie kwa makini mkanda wa bomba lao wenyewe wakati wa kusikilizwa kwa ombi la Line 9 mwaka 2013.

Hali mbaya kuliko zote ni udongo kutoweka. Mnamo Oktoba 1954 Kimbunga Hazel kiliujaza Mto Humber hadi ukaibeba sehemu ya mtaa wa Raymore Drive, kusini kidogo ya Rexdale, na kuua watu 35 katika mtaa huo mmoja. Bonde likawa bustani na njia za kutembelea, kwa kuwa ujenzi wa nyumba ulizuiwa. Mto wenyewe haujaacha kazi yake. Tarehe 19 Agosti 2005 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha kaskazini mwa Toronto kwa muda wa saa moja hivi. Kijito cha Black Creek, kinachoingia Humber, kilizidi uwezo wa kalavati lililo chini ya Barabara ya Finch Magharibi, kilomita chache mashariki ya Rexdale, na barabara yote ikaporomoka. Pamoja na lami, mabomba mawili ya gesi yenye msukumo mkubwa, bomba la maji na nyaya za umeme na simu zilizokuwa zimezikwa hapo ziliharibika.

Katika modeli, tukio kama hilo ni rahisi kuliandika: springi zote za sehemu fulani huondolewa. Bomba linabaki daraja, na urefu wa daraja hilo ndio unaoamua. Mkazo wa kupinda huongezeka kwa mraba wa urefu, kwa hiyo pengo la mita 20 ni hatari mara nne kuliko la mita 10, bado kabla ya kuhesabu maji yanayolisukuma bomba kwa ubavu na magogo yanayoligonga. Kigumu ni kutabiri pengo litakuwa na urefu gani, na hapo mhandisi wa mabomba lazima akae na mtaalamu wa mito. Njia mojawapo ya kulikwepa swali ni kutoboa kwa mlalo na kulipitisha bomba chini sana ya kitako cha mto, ndani ya mwamba. Toronto ina angalizo lake katika hilo: mwamba wa tope lililoganda wa huko, ukitobolewa na kufikiwa na maji safi, huvimba polepole kwa miaka mingi, na huanza kukandamiza kilichopitishwa ndani yake.

Springi zinatosha kwa kazi nyingi, na kwa maoni ya wahandisi wengi wazoefu zinatosha kuliko wasomi wanavyokiri. Pale zinaposhindwa, kwa mfano maporomoko yanapolikatiza bomba kwa mshazari, ardhi hurudishwa kwenye hesabu. Kompyuta huigawa katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikiwa na kanuni ya namna kinavyobanwa, kinavyokatika na kinavyonyonya maji, na kati ya bomba na udongo huwekwa uso unaoruhusu kuteleza na kuachana. Picha zinazotoka ni nzuri, zina rangi nyekundu mahali pa hatari. Uzuri huo ni mtego. Programu hudai namba kumi au zaidi za tabia ya udongo, na mara nyingi mhandisi ana matokeo ya shimo moja lililochorongwa mita 300 kutoka hapo. Jibu lenye nukta tatu za desimali lililojengwa juu ya shimo hilo halina ukweli kuliko jibu la springi.

Ndiyo maana modeli hupimwa kwa majaribio. Huko Chuo Kikuu cha Cornell, Trautmann na O'Rourke walivuta mabomba ndani ya masanduku makubwa ya mchanga na kuchapisha matokeo mwaka 1985. Sehemu kubwa ya springi za leo imetokana na kazi ya aina hiyo. Katika jimbo la Ontario lenyewe, Chuo Kikuu cha Queen's mjini Kingston kina mashimo ya majaribio ambamo mabomba ya ukubwa kamili hufukiwa na kukandamizwa. Kwa mambo yasiyoweza kufanywa kwa ukubwa kamili kuna mashine ya kuzungusha, kama ile ya kituo cha C-CORE mjini St. John's, Newfoundland. Sanduku la udongo huzungushwa kwa kasi hadi uzito wake uongezeke, tuseme, mara 50. Hapo bomba la milimita 15 huwa na tabia ya bomba la milimita 762, na maji yanayohitaji siku zaidi ya 100 kupenya kwenye mfinyanzi halisi hupenya kwa saa moja. C-CORE walikuwa na sababu ya kienyeji: milima ya barafu inayokwangua sakafu ya bahari juu ya mabomba.

Dosari ya urithi huu ni kwamba mchanga wa maabara ni msafi na mkavu. Mchanganyiko wa Rexdale, wenye mfinyanzi, kokoto na vipande vya matofali ya nyumba za zamani, haujawahi kuwekwa kwenye sanduku la mtu. Mhandisi huchagua springi ngumu na springi laini, hufanya hesabu mara mbili, na kutazama kama bomba linasalimika pande zote. Kuchagua springi laini peke yake kwa kudhani ndiyo tahadhari ni kosa la kawaida. Ardhi inaposogea, udongo mgumu ndio unaolivuta bomba kwa nguvu zaidi.

Afrika Mashariki hesabu hizi hizi zimefanywa kwa ajili ya bomba la EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Jalidi haipo, ila joto lipo. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na hugandamana yakipoa, kwa hiyo bomba hilo la inchi 24 hufungwa kizuizi cha joto na mafuta lazima yasafirishwe yakiwa na zaidi ya nyuzi 50. Kilomita moja ya chuma ikiongezewa nyuzi 30 hutaka kurefuka kwa sentimita 36. Udongo unaizuia, na chuma kinabaki kimejaa mgandamizo unaotafuta mahali pa kutokea. Kwa kawaida hutokea kwenye springi dhaifu, juu, pale palipo na kilima kidogo kwenye kitako cha mtaro. Lile tatizo la Toronto la bomba kufupika limegeuzwa, ila milinganyo ni ileile, na mahali pa mfinyanzi wa barafu pamekaa udongo mweusi wa mbugani unaovimba masika na kupasuka kiangazi.

Bomba likishaanza kazi, modeli haiwekwi kabatini. Mabomba makubwa hupitishiwa ndani chombo cha ukaguzi kinachosukumwa na mafuta yenyewe, chenye vihisi vya mwendo vinavyoandika umbo la mstari wa bomba. Mapito mawili yakilinganishwa, huonekana ni wapi limepinda tangu safari iliyopita. Mahali pengine nyuzi za kioo hulazwa kandokando ya bomba ili kusikia udongo unapovutika. Vipimo hivyo hurudishwa kwenye hesabu, na springi zilizokisiwa siku ya kwanza hurekebishwa hadi bomba la kwenye kompyuta lilingane na lililoko mtaroni. Kwenye mivuko ya mito hupimwa pia kina cha udongo uliobaki juu ya bomba, hasa baada ya mafuriko, kwa sababu hiyo ndiyo namba inayobadilika haraka kuliko zote.